Mafuta ya Sungura Huanzia Kwenye Kihori

Nyama ya sungura husifiwa kuwa haina mafuta wala lehemu, na wapo wanaoipendekeza hivyo hata kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Mafuta yake ni machache kuliko ya nguruwe, lakini lehemu inayo, kama nyama nyingine yoyote. Tena aina ya mafuta hayo hutegemea sana alichokula mnyama.

Sababu iko tumboni. Ng'ombe hula majani yenye mafuta laini, lakini vijidudu vya tumbo lake la kwanza huyaongezea haidrojeni kabla hayajafyonzwa. Ndiyo maana supu ya ng'ombe ikipoa hufanya utando mgumu. Sungura hana tumbo hilo. Chakula chake huchachuka katika utumbo wa nyuma, baada ya utumbo mwembamba kufyonza mafuta, kwa hiyo mafuta ya lishe huhifadhiwa mwilini karibu kama yalivyoliwa. Akila mashudu ya alizeti, shahamu yake huongezeka omega-6 na kulainika. Akila majani mabichi, huongezeka omega-3. Akila wanga mwingi, ini hujitengenezea mafuta yake, nayo huwa magumu zaidi. (Matabibu wana deni la zamani kwa mnyama huyu: mwaka 1913, huko St. Petersburg, Nikolai Anichkov alilisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa yao ya damu ikaharibika.)

Katika mji kama Maganzo, unaoishi kwa almasi ya Mwadui huku vijiji vya Kishapu vikiuzunguka kwa pamba, pumba za mahindi ni rahisi kupatikana mwaka mzima, ilhali majani mabichi huadimika kiangazi. Hapo ndipo ushauri wa afya unapopwaya. Kumhimiza mama afuge sungura kwa ajili ya lishe ya watoto, bila kumuuliza atawalisha nini mwezi wa Septemba, ni kumpa nusu ya dawa.

Majani ya viazi vitamu, ambayo Usukumani hubaki shambani viazi vikienda kuwa michembe, ni lishe bora kuliko pumba peke yake, na hayanunuliwi. Yanyaushwe kivulini kabla ya kulishwa. Mashudu ya alizeti yawe kidogo tu, kwa kuwa shahamu laini huchacha upesi, na nyumba isiyo na jokofu italazimika kuila nyama siku hiyohiyo. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo tumbo la ng'ombe aliyekomaa huipunguza makali na la sungura haliwezi. Mfugaji anayeyaona yamejaa kwenye magunia karibu na kinu cha pamba ayaache kwa wenye ng'ombe.