Kufundisha Habari za Sputnik: Tuanzie Wapi?

Imekuwa desturi, somo la safari za anga likifika, mwalimu kuandika ubaoni orodha ya tarehe: Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957, Gagarin, tarehe 12 Aprili 1961, binadamu Mwezini, tarehe 20 Julai 1969. Wanafunzi hunakili, hukariri, kisha husahau. Kwa maoni yangu, njia hiyo haimfundishi mtoto sayansi wala historia.

Ndugu mwanachuo, ukipangiwa mazoezi ya kufundisha Ruanda, au penginepo mkoani Songwe, usianzie Urusi. Anzia Ndolezi, kwenye Kimondo cha Mbozi. Waulize wanafunzi: chuma kile kilitoka wapi? Wakishajibu kwamba kilianguka kutoka angani, uliza la pili: mbona Sputnik, tufe la kilo 83.6, halikuanguka mara moja?

Watoe nje. Funga gunzi la hindi kwenye kamba, ulizungushe. Kamba huvuta ndani, nalo gunzi hutaka kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo huzunguka. Ukiiachia kamba, gunzi hukimbia zake. Uvutano wa dunia ndio kamba ya Sputnik, na mwendo wake ulikuwa karibu kilomita 8 kwa sekunde. Hewa nyembamba ya juu ilipoupunguza mwendo huo, tufe lilishuka na kuungua Januari 1958.

Hapo ndipo historia iingie. Tufe lenyewe lilikuwa likitoa mlio wa redio tu. Kilichoishtua Marekani ni roketi iliyolirusha, kwani iliundwa ili iweze kubeba bomu la nyuklia hadi bara jingine. Desemba 1957 Marekani ilijaribu kujibu, roketi yake ikalipuka ilipokuwa ikianza kupaa. Setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1, ilirushwa tarehe 31 Januari 1958. Mwaka huo huo iliunda shirika la NASA, tena ikapitisha sheria ya kugharimia mafunzo ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Taifa lililojiona limepitwa lilirudi darasani. Mwalimu asilifiche jambo hilo.

Wala mashindano hayo hayakuwa ya mbali nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wake wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 kituo hicho kilikuwa kazini. Wapo wananchi waliokipinga, wakihofia kuingizwa katika ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba vipindi ni vichache, na mtihani huuliza tarehe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtoto aliyeelewa sababu huikumbuka tarehe kwa urahisi zaidi, ilhali aliyekariri tarehe peke yake hawezi kuibuni sababu. Kosa si kufundisha tarehe; kosa ni kuishia hapo.

Tukimpa mtoto orodha ya ushindi wa wengine, tunamfunza kuwa mtazamaji. Tukimpa kamba, gunzi na swali, tunamfunza kufikiri. Uchaguzi huo hauhitaji fedha za mataifa makubwa. Wahitaji mwalimu aliyeandaa somo lake.