Akiba ya kikundi isiishie kwenye mashine moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu vijana wanaojifunza gitaa, hasa wale walioanza kuchangishana fedha za kununua vyombo.

Mtaani kwetu kipo kikundi cha muziki wa dansi chenye wapiga gitaa watatu: wa solo, wa rithimu na wa besi. Kwa muda mrefu wanachama wamekuwa wakiweka akiba kidogo kidogo. Sasa baadhi yao wanataka akiba yote iagizie kutoka ng'ambo mashine moja ya kidijitali, ya aina ile inayoiga sauti za amplifaya za kila namna. Mimi napinga.

Sisemi kwamba mashine hizo ni za uongo. Line 6 ya Marekani ilitoa POD yake mwaka 1998, Kemper ya Ujerumani ikatoa ya kwake mwaka 2011, na tangu hapo ufundi umesonga mbele sana. Ndani yake mna kompyuta inayokokotoa jinsi amplifaya fulani ya Fender au Marshall inavyobadili sauti ya nyuzi, kisha hutoa sauti inayofanana nayo mno. Mwanamuziki anayelipwa, leo yuko Arusha kesho Mwanza keshokutwa studio, hupunguziwa mzigo mkubwa. Huyo sina ugomvi naye.

Lakini bei! Zile za juu huuzwa dola 1,500 za Marekani na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru. Amplifaya ndogo ya kujifunzia hupatikana kwa dola 100 hivi. Tena wengi hawaambiwi kwamba mashine nyingi za bei hiyo hazina spika. Ukishaitoa kwenye boksi, hutasikia kitu mpaka uiunganishe na hedfoni, au na spika nyingine yenye nguvu yake, ambayo nayo ni ya kununua. Je, wapiga gitaa wengine wawili watachomeka wapi? Au watakaa kumtazama mwenzao akizungusha vitufe?

Na kuzungusha kwenyewe hakuna mwisho. Anayejifunza akipewa sauti mia mbili, jioni nzima itakwisha akitafuta sauti, na vidole vitabaki vilivyokuwa. Nyingi ya sauti hizo ni za kukwaruza, za muziki wa roki. Dansi letu linataka gitaa safi, kila noti isikike, na mwangwi kidogo tu. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, hakuwahi kuziona mashine hizi, na hadi leo vijana wanahangaika kuzifuata solo zake.

Amplifaya ndogo nayo ina kasoro zake. Ya wati 10 haifui dafu mbele ya dramu. Hiyo ni ya chumbani. Jambo jingine ni umeme. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma, umeiunguza. Mnunuzi asome maandishi ya nyuma kabla ya kutoa fedha yake. Hapa nakiri mashine ghali zina nafuu, kwa kuwa nyingi hukubali volti zote mbili. Hata hivyo ipo ndogo kama Micro Cube ya Roland, inayoweza kutumia betri 6 za kawaida, na ambayo ndani yake tayari mna sauti 8 za kuiga amplifaya. Umeme ukikatika, mazoezi yanaendelea.

Ningekuwa mwanachama ningesema zinunuliwe mbili ndogo za gitaa, na moja ya besi yenye spika kubwa zaidi, maana besi ikipigwa kwa nguvu hupasua spika ndogo. Fedha itakayobaki inunue nyuzi. Kila wiki nawaona vijana hawa wakiunga zilizokatika, na hakuna mashine itakayolisawazisha gitaa la namna hiyo.

Mkutano wao ni mwisho wa mwezi huu. Naomba kabla ya kupiga kura waende Kariakoo na gitaa lao wenyewe, wachomeke kwenye amplifaya ndogo, wasikilize.

Mpenzi wa Dansi,
Dar es Salaam.