Hifadhidata Ikibadilishwa, Programu Ijaribiwe Kabla ya Mgonjwa Kufika

Wengi wetu wakazi wa Nairobi na Mombasa huipita Kambu, Kaunti ya Makueni, tukisinzia ndani ya basi. Lakini gari likipinduka karibu na hapo usiku, muuguzi wa huko ndiye atakayetupokea, na huenda tarakilishi ikawa ndiyo ya kumweleza sisi ni nani.

Je, itamweleza kweli?

Tuseme dawa inayokudhuru, mathalani penisilini, iliandikwa katika safu ya "maelezo". Wataalamu wakaamua, tena kwa sababu nzuri, kuihamishia safu mpya ya "mzio". Programu ikiendelea kusoma safu ya zamani, huenda isilalamike hata kidogo. Itaonyesha nafasi tupu, na muuguzi atadhani huna tatizo. Mtambo uliozimika humfanya mtu ashike kalamu na kuuliza. Unaokosea kimyakimya huaminiwa, na huo ndio unaonitia hofu.

Mabadiliko haya si ndoto. Oktoba 1, 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966. Aliyejiajiri alikuwa akilipa Sh500 kwa mwezi. Sasa anatozwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, si chini ya Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipia mwaka mzima. Programu iliyozoea kuuliza kama mtu amelipa mwezi huu lazima ifunzwe swali jingine. Siku zile za kwanza, wagonjwa katika hospitali kadhaa walilazimika kutoa pesa taslimu kwa kuwa mtambo haukuwatambua au haukufunguka. Sisemi kiini kilikuwa safu iliyohamishwa. Nasema wagonjwa ndio waliogeuzwa wa kujaribia.

Kujaribu programu kwa wagonjwa kumi wa kubuni, wote wenye kitambulisho na tarehe kamili ya kuzaliwa, ni mchezo wa watoto. Ukambani kuna ajuza anayejua mwaka wake tu, mtoto asiye na kitambulisho, na akina Mutua na Mwende wasiohesabika. Ichukuliwe nakala ya data halisi, iondolewe majina na kila kinachomtambulisha mtu kama inavyotaka Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ibadilishwe muundo, kisha programu iendeshwe juu yake. Iendeshwe ya zamani na mpya pia, kwani si kila zahanati hupata toleo jipya siku moja. Safu ya zamani isifutwe hadi programu zote zimehama. Na njia ya kurudi nyuma ijaribiwe vilevile.

Wauzaji wa programu watasema hayo yanachelewesha kazi. Naam, yanachelewesha. Basi kaunti ziandike katika mkataba kwamba hakuna malipo ya mwisho hadi jaribio hilo lifanyike mbele ya wauguzi wenyewe, na matokeo yawekwe wazi.