Tuko Wangapi Nyumbani?



Mnamo mwaka 2025 alinijia mama mmoja, mjane, muumini wa mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hapa Bagamoyo. Mwanawe anaishi Marekani na amekwisha kupata uraia wa huko. Kwa miaka mingi familia ilingoja amwite mama yake. Ndipo alipoandika kwamba kwa wakati ule hataweza, kwa kuwa hesabu ya watu wa nyumbani imemshinda. Ndugu wakaketi kikao, wakakata shauri kwamba kijana amekuwa bahili. Mama alitaka nimwandikie barua ya kumkaripia.

Nilimwomba tuisome kwanza hesabu yenyewe.

Sheria ya Marekani humtaka raia anayemwita mzazi wake atie sahihi hati ya udhamini, nayo ni mkataba kamili mbele ya mahakama. Ni lazima aonyeshe kwamba kipato chake cha mwaka kinafikia walau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka, na kiwango hicho hupanda kwa kila kichwa. Wanaohesabiwa ni mdhamini mwenyewe, mwenzi wake, watoto wake walio chini ya miaka 21 wasio na ndoa, wategemezi aliowaandika katika hesabu zake za kodi, na huyo anayeitwa. Tena huhesabiwa kila mtu aliyepata kumdhamini zamani kwa hati ya namna hiyo, iwapo udhamini huo haujakoma. Hakuna anayehesabiwa mara mbili.

Basi tukahesabu. Kijana, mkewe na watoto wawili ni watu 4. Pamoja na mama ni 5, na kwa viwango vya mwaka 2025 walihitaji dola 47,062. Kiasi hicho alikuwa nacho. Lakini miaka michache nyuma rafiki yake wa kanisani alitaka kumleta mkewe, kipato kikapungua, naye kijana wetu akatia sahihi kama mdhamini mwenza. Mwanamke yule hajapata kulala nyumbani mwake hata usiku mmoja, lakini katika karatasi ni mtu wa 6, na kiasi kikapanda hadi dola 53,937. Hapo ndipo alipokwama. Udhamini ule haukomi kwa talaka wala kwa urafiki kuvunjika. Hukoma mdhaminiwa anapopata uraia, anapokamilisha robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, anapoihama nchi moja kwa moja, au anapofariki.

Ni kweli sheria imeacha milango mingine. Kipato cha mke kingeweza kuongezwa, lakini mke alikuwa akilea mtoto mchanga. Angeweza kumtafuta naye mdhamini mwenza, lakini aliona haya kumtwisha mwenzake mzigo ambao uzito wake alikuwa amekwisha kuuonja.

Mjomba mmoja alipoyasikia hayo alishauri kijana amfiche mtoto mmoja katika hati. Wapendwa, shauri hilo si geni kwangu. Wako waamini waliopata kuniomba cheti cha ubatizo kinachomtaja mtoto wa ndugu kuwa mtoto wa kuzaa, ili apate kusafiri. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Kitabu cha ubatizo ni ushuhuda mbele ya Mungu. Hata kwa hekima ya dunia, uongo huo ni hasara tupu: siku hizi kipimo cha vinasaba huweza kuombwa, na anayebainika kuwa amedanganya ili kupata visa ya Marekani huweza kufungiwa mlango maisha yake yote.

Hata hivyo nawaelewa wanaoniomba, maana nyumba inayohesabiwa katika hati ile siyo nyumba tunayoijua sisi. Kwetu mpwa aliyelelewa tangu kunyonya ni mtoto wa nyumba hiyo. Bibi aliyeko Kaole ni wa nyumba hiyo, na binti anayelipiwa ada Chalinze ni wa nyumba hiyo. Hati ya udhamini haiwaoni hao, ijapokuwa ndio wanaopokea fedha za kijana yule kila mwisho wa mwezi. Kwa karatasi ana watu 6. Kwa simu zinazolia usiku ana watu 14. Anabeba hesabu mbili kwa mshahara mmoja, na sisi tuliokuwa kikaoni tulikuwa hatujaiona hata moja.

Sisemi kwamba sheria ile ni dhambi. Katekisimu yafundisha kwamba mataifa yenye neema yanapaswa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, na kwamba mgeni naye anapaswa kuziheshimu sheria za nchi inayompokea. Lakini nasema kwamba utu wa mama haupimwi kwa jedwali la kipato. Mji wetu unalijua jambo hili. Katika karne ya 19 watu walifikishwa pwani hii kwa misafara, wakahesabiwa kama bidhaa pamoja na pembe za ndovu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868 waliwakusanya waliokombolewa katika kijiji chao. Mtu aliyekuwa idadi akapewa jina.

Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Yosefu alipanda kwenda Bethlehemu kuandikishwa pamoja na Maria aliyekuwa mjamzito. Kaisari alitaka hesabu, na Mungu akaingia katika hesabu hiyo akiwa mtoto mchanga. Baadaye familia hiyohiyo ikakimbilia Misri, na mwaka 1952 Papa Pio XII aliiweka mbele yetu kuwa kielelezo cha kila familia ya wahamiaji.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kumhukumu mtoto aliye ng'ambo, tumwulize: mko wangapi? Pili, wewe uliye ng'ambo, usitie sahihi ya udhamini kwa haya wala kwa haraka. Bwana alitufundisha kwamba anayejenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nawe uwaeleze wa nyumbani ukweli wa kipato chako, kwa maana ukimya ndio unaozaa neno "bahili". Tatu, tusiongeze wala tusipunguze kichwa kwa uongo.

Mnamo Desemba 2025 Marekani ilitangaza kuiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa vizuizi vya visa, hata mlango uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba. Anayetaka kuanza safari hiyo aulize kwanza masharti ya siku hiyo kwenye ofisi zinazohusika, wala asiulize kwa madalali.

Ile barua ya karipio sikuiandika. Mama aliniomba niandike nyingine, naye akanitajia maneno yake. Alimwambia mwanawe kwamba sasa ameijua hesabu yake, na kwamba ndugu wamekubaliana kuchangia ada ya binti wa Chalinze wao wenyewe. Kwa kijana yule, kichwa kimoja kimepungua bila uongo wowote.