Jembe Si Adhabu

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilizuru Haller Park, kule Bamburi. Ukipita chini ya mivinje ile huwezi kuamini kwamba pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu! Bwana René Haller alianza kupanda miti mwaka wa 1971. Alijaribu aina 26, nyingi zikafa. Mvinje ukashika, lakini majani yake yakawa hayaozi upesi. Basi akaleta nani? Jongoo! Wale wale tunaowaruka njiani. Wakala majani, wakanya (samahani walimu, ndivyo tulivyoelezwa), udongo ukapatikana.

Hapo nikakumbuka shamba la shule. Kwetu jembe ni la waliochelewa na wapiga kelele. Mimi hutoka nyumbani alfajiri; matatu ikikosekana, nachelewa, nalima. Majani tunayofyeka twayachoma yote. Nani atapenda udongo akiujua kama adhabu? Kwa heshima, walimu wetu, tutafutieni adhabu nyingine. Shamba tuachieni sisi wanachama muhula mmoja tu, bila moto. Jongoo nitawaleta mwenyewe, kwetu wamejaa tele.