Acheni kumwambia mtu "umepoa"

Vijana wenzangu, na ninyi mnaofanya kazi na wakimbizi, leo niseme bila kuzunguka. Hili neno "umepoa" linatuumiza.

Kijana alikuwa anaimba kwaya kule Uvira ao Bunia, anafunga, anakesha. Amefika Kampala, anaishi Nsambya ao Katwe, kila mwezi anahangaika na kodi ya chumba. Sasa anasali kidogo, anauliza maswali, ao ameacha kanisa la kelele anakaa kimya kwenye misa. Mara moja wanasema: amepoa, shetani amemshika. Kesi yake ya kwenda Marekani ikichelewa, wanasema ni imani ndogo. Kuna hadi wanaomwambia alete mbegu, pesa ya chakula, ili jina lake litoke. Hiyo si imani, ni biashara juu ya mtu mwenye shida.

Mimi nasema hivi: imani ya mtu mzima inabadilika juu maisha yake yamebadilika. Mtoto anasali vile mama alimufundisha. Mtu mzima amezika watu, amekimbia usiku, ameomba akajibiwa, ameomba tena hakujibiwa. Ukimtaka aombe kama alipokuwa na miaka 12, unamtaka aseme uongo mbele ya Mungu.

Na hapa Uganda si jambo jipya. Semei Kakungulu alikuwa jemadari mkubwa wa Buganda, Mprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuteka upande wa mashariki. Baadaye alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919, akiwa mtu mzima kabisa, alishika Agano la Kale, akatahiriwa, akaanzisha jamii ya Abayudaya karibu na Mbale. Alikufa 1928. Je, huyo naye alipoa? Idi Amin alipiga marufuku dini yao, lakini Abayudaya wapo mpaka leo.

Najua mtu atasema: basi kila mmoja abadilishe dini kama shati? Hapana. Si kila mabadiliko ni kukua. Imani mpya ikikuambia utupe vidonge vyako, ao umchukie jirani Mwislamu, hiyo inakuharibu. Pima kwa matunda. Huyu unayesema amepoa, anaangalia wadogo zake? Anaenda kuona mgonjwa? Ameacha kudanganya? Basi moto upo, ila umehama jiko.

Na ninyi wa mashirika, sikilizeni pia. Mnauliza dini siku moja, wakati wa kuandikisha, mnaweka alama, imekwisha. Miaka sita baadaye mtu amefiwa, mnamtumia mchungaji wa ile alama. Yeye hayuko tena pale. Wengine kati yenu mnafikiri dini ni ujinga utakaoisha tukisoma. Hamjatuelewa. Wengi wetu hatuachi Mungu, tunamjua kwa namna ingine.

Kwa hiyo, ukisikia rafiki hasali kama zamani, weka hukumu chini. Muulize: "Siku hizi unasali vipi?" Halafu nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.