Dawa ya Jino si Kung'oa

Wahenga walisema mengi ya maana, ila kwa jambo la meno walituachia mzigo: dawa ya jino ni kung'oa. Enzi zao pengine hapakuwa na njia nyingine. Shida ni kwamba sisi tuliichukua methali tukaifanya sera ya afya.

Nenda hospitali ya umma na jino linalokunyima usingizi. Utapanga foleni, utadungwa ganzi, utang'olewa. Ukiuliza kuhusu kuziba, mara nyingi utaambiwa vifaa vimeisha, rudi mwezi ujao. Nani atarudi na nauli ilivyopanda? Sasa vuka upande wa pili wa mji, kwenye kliniki za viyoyozi. Huko meno yanang'arishwa, yananyooshwa kwa waya, yanabandikwa vigamba ili picha za harusi zitoke poa. Maskini ana koleo, tajiri ana kioo. Katikati hakuna mtu.

Na hapo katikati ndipo kazi yenyewe ilipo. Nazungumzia daktari wa meno wa familia: anayejua kwamba mama ana kisukari, baba anameza dawa za presha, na kitinda mimba hulala na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Huyo hangoji jino lioze. Anakagua, anauliza, anaandika, na akiona jambo lisilo la meno anakutuma kwa mwenzake na barua mkononi.

Usidhani hiyo ni anasa. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana: sukari ikipanda, fizi hushambuliwa kwa urahisi, na fizi zikiwa na maambukizi, sukari inakuwa ngumu kudhibiti. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipine, zinaweza kufanya fizi zivimbe. Vivyo hivyo phenytoin, wanayopewa wenye kifafa. Utando mweupe kinywani mwa mtu mzima unaweza kuwa ishara ya mapema kwamba kinga ya mwili imeshuka. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona lazima kichunguzwe, kwa sababu huenda ni saratani, na saratani hiyo ikigunduliwa mapema mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko ikifika hospitali imeshatafuna taya. Anayetazama vinywa kutwa nzima ndiye wa kuyaona haya. Lakini tukimwendea siku moja tu, siku ya kung'oa, ataona nini zaidi ya lile jino?

Kazi yake hata haiishii kwenye kiti cha kliniki. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru na kwingineko, yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto huyanywa meno yake yakiwa bado yanajengeka, akikua anacheka akiziba mdomo kwa kiganja. Watu humcheka ati hapigi mswaki. Daktari anayemsafisha kila mwaka bila kusema neno kuhusu kisima anapangusa sakafu huku mfereji uko wazi.

Najua mtaniambia: madaktari wa meno ni wachache, tena wamejazana mijini. Kweli. Lakini KMTC inafundisha maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, na kazi yao hasa ni kinga. Kaunti ziwaajiri. Tena, mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Mhudumu ameshaingia, ameshaketi, ameshapima mkono wa nyanya. Kumwambia nyanya afungue kinywa, amulike kwa tochi, kunagharimu pesa ngapi?

Mtasema pia ni ghali. Basi tuzungumze bima. Mshahara unakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya afya ya jamii, na tuna haki ya kuuliza ni kiasi gani kinafika kwenye fizi kabla hazijaoza. Kampuni za bima za kibinafsi nazo hupenda kuweka meno na macho ukurasa wa nyongeza, ulipie kando, kana kwamba kichwa kilinunuliwa duka lingine.

Na nyinyi madaktari wa meno, msijifiche nyuma ya serikali. Kama mgonjwa anatoka kwako bila kuulizwa kuhusu sukari, presha, tumbaku wala dawa anazomeza, umetibu jino ukamwacha mwenye jino.

Kinywa ni mlango wa mwili. Hakuna mwenye nyumba anayeajiri bawabu wa kuja mwizi akishaondoka. Kwa hivyo ukienda kliniki safari ijayo, iwe ya kisukari, ya wajawazito au ya watoto, fungua mdomo. Kwanza uchunguzwe, halafu uulize kwa nini hukuchunguzwa miaka hii yote.